Gari Linabaki Barabarani: Kumuaga Mama Nandutu, Mpiga Picha wa Nyika Kavu

Tarehe 28 Februari mwaka huu wa 2025, Mama Margret Nandutu, mpiga picha mkuu wa shirika letu, alistaafu rasmi baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliingia ofisi ya Mbale mwezi Machi 1994 akiwa na kamera ya kuazima na viatu vya kanisani. Ameondoka akiwa na kamera yake mwenyewe, magoti yanayolalamika, na jina ambalo wapiga picha wa nchi kavu wanalitaja kwa heshima, ingawa wengine hulitaja kwa kununa.

Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu uwe mchangamfu. Nitajaribu. Mimi ni Nabila Kagoya wa idara ya uchapaji, Jinja, na wanaonifahamu kule Walukuba wanajua kwamba nikitumwa sukari dukani naanza kuhofia kuwa imeisha kabla sijavaa viatu. Basi niambieni mtu wa namna hiyo ataandikaje kwa utulivu habari za mwanamke aliyemfundisha kwamba vipo vitu vya kuogopea kweli. Hata sasa naandika huku nikitazama mlango.

Kwa wageni wanaosoma jarida hili mara ya kwanza: sisi hupiga picha za nchi kavu ya kaskazini, kuanzia nyika za Karamoja hadi kwenye jangwa lenyewe ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na kuzichapisha kwenye kalenda, vitabu vya shule na maonyesho. Wapiga picha wako Mbale, mashine ziko Jinja, na Kiswahili kiko katikati, maana bila hicho Msoga, Mgisu, Mkaramoja na Mturkana wangebaki kuonyeshana vidole. Wapo wazee kwetu waliozoea kukisikia vinywani mwa askari tu, na mpaka leo kikiwafikia masikioni wanakunja uso. Mama Nandutu amekitumia miaka yote hii kubembelezea watu.

Alizaliwa Busiu, kwenye mahindi na migomba, na kazi ya kamera aliianzia studio ndogo ya Mbale mjini, kwenye picha za pasipoti na za maharusi. Kwetu aliajiriwa kusafisha picha, si kuzipiga. Siku moja mpiga picha aliyekuwepo akaangushwa na malaria asubuhi ya safari, gari limeshajazwa mafuta, basi Mama Nandutu akapakiwa badala yake. Hakuwa amewahi kuona nchi isiyo na mgomba hata mmoja. Anasema alipoteremka kule, kwenye changarawe tupu mpaka macho yanakoishia, aliona haya, kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila kubisha hodi. Haya hiyo haikumtoka tena, na mimi naamini ndiyo iliyomfanya awe mpiga picha tuliyemjua.

Lazima nieleze kidogo habari ya ukoko, la sivyo mengine hayataeleweka. Udongo wa kule una ngozi nyembamba juu yake, ngumu kidogo, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na Mama Nandutu ameiita ukoko tangu siku ya kwanza kwa kuwa inamkumbusha ule wa chini ya sufuria ya wali. Lakini ukoko huu uko hai. Ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vimeshikana na mchanga, vinanasa umande na kuuzuia udongo usipeperuke. Mishubiri midogo huotea humo. Firigogo, wale ndege wenye rangi ya changarawe, hutaga mayai yao juu yake bila hata kujishughulisha na kiota. Mtu akiukanyaga unavunjika. Gari likipita, upepo unaingia palipovunjika na kuendelea kula, na pakija kupona, mtoto aliyezaliwa siku ile atakuwa na watoto wake.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja ambayo kila dereva, kila mgeni na kila mkurugenzi aliisikia mpaka akaiota usingizini: gari linabaki barabarani. Kutoka hapo mnatembea, mmoja nyuma ya mwingine, mnakanyaga alipokanyaga yeye, na yeye hukanyaga mawe, au mchanga wa mto mkavu ambao mvua itakuja kuufuta. Mgeni akilalamika jua, anapewa maji. Akilalamika tena, anapewa maji tena. Kurudi kuchukua gari, hata awe nani, hakuna.

Stendi yake ya kamera aliivalisha vipande vya ndala kuukuu kwenye ile miguu mitatu, ili isitoboe ukoko. Ndala moja ilikuwa ya bluu na mbili za kijani, na tulimtania sana kwamba stendi yake inachechemea. Kuna safari alikaa kule karibu wiki mbili kwa ajili ya picha ya mayai ya firigogo, tena ya jalada la kalenda, na sisi Jinja tumeshaandaa mashine tunangoja. Akarudi mikono mitupu. Ndege alikuwa ameyalalia na hakuinuka, na kama angemfukuza kwa jua lile, mayai yangeiva. Mhariri alifura kama andazi. Mama Nandutu akamjibu kwa upole wake kwamba ndege alikuwa kazini, na kalenda ya mwaka ule ikatoka na picha ya jiwe.

Tena hakuwahi kuandika mahali picha ilipopigiwa, wala hakuacha kilima chochote kionekane kizima, maana kilele kimoja tu kinatosha kumwelekeza mtu mwenye gari na hamu ya kwenda. Vilele alivikata vyote. Mwaka mmoja idara yetu ilipokosa jina la kuandika chini ya picha, ikageuza picha nyuma, ikaona mhuri wake wa enzi za studio, wenye jina lake na kwao Busiu. Kalenda nzima ikatoka ikitangaza Busiu chini ya jangwa lisilo na hata jani. Mwenyekiti wa Busiu alifunga safari mpaka ofisi ya Mbale, kalenda kwapani, akitaka kujua mahindi yao tumeyapeleka wapi. Mama Nandutu alimkaribisha chai, akamwomba radhi, kisha akamsihi awaachie kosa lile lilivyo, kwani watu wakilitafuta jangwa Busiu hawataliharibu. Mwenyekiti aliondoka akicheka, na nasikia ile kalenda bado anayo sebuleni.

Sasa nifike kwenye alama za tairi. Pana uwanda mmoja, mbali kupita Moroto, ambao sisi tunauita Kwa Jiwe. Jina lake halisi sitaliandika hapa, Mama Nandutu angeninyonga. Barabara ya moramu, ule udongo mwekundu wenye kokoto ulioshindiliwa, inapita kando yake, na ndani ya uwanda kuna jiwe moja kubwa, bapa juu, ambalo Mama Nandutu alilipenda kupigia picha. Mwaka 1998 dereva wetu Norman, kijana wakati ule na mwenye moyo mzuri kupita kiasi, alimwona kwa mbali amesimama juu ya jiwe hilo saa saba za mchana, akiyumba. Alikuwa na homa. Norman akasahau sheria. Akakata kona, akaingiza Land Rover uwandani, akamfikia, akampakia, akamrudisha.

Alifanya vile kwa huruma tupu, na Mama Nandutu hakumshtaki kwa mtu yeyote. Lakini mistari miwili ya tairi ilibaki kwenye ukoko, imenyooka kutoka barabarani hadi kwenye jiwe. Tangu hapo, kila Februari, alipanda juu ya jiwe lilelile akapiga picha ileile, uwanda na mistari yake miwili. Si picha nzuri, tusidanganyane. Hakuna kalenda iliyoitaka. Kila mwaka alinitumia nichape moja, nami nikawa nazipigilia misumari kwenye korido yetu ya Jinja, moja baada ya nyingine, mpaka wageni wakawa wananiuliza kama mashine iligoma ikatoa picha moja mara nyingi.

Ukizitazama haraka, ni kweli hazibadiliki. Ukisimama hapo ukatulia, utaona jinsi miaka ya ukame upepo ulivyoitanua mistari ile, jinsi miaka ya mvua maji yalivyopita humo na kuchimba, na jinsi polepole, kwa mwendo wa kukatisha tamaa, ukoko ulivyoanza kurudi kutoka kandokando. Norman hupita kwenye korido hiyo kila anapotuletea mzigo kutoka Mbale. Miaka yote hiyo alipita akitazama sakafu. Tulidhani ni adabu ya mtu asiyependa kuchafua, kumbe hapana.

Mwaka jana mstari mmoja ulikuwa umekwisha kabisa, na wa pili ulionekana kwa kuambiwa tu. Ndipo Mama Nandutu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwamba kabla ya kustaafu angependa apige picha moja ya uwanda ule ukiwa mzima. Hakutaka ng'ombe, hakutaka godoro, hakutaka saa ya ukutani ambayo tumewapa wastaafu wote kabla yake. Alitaka hiyo picha. Na sisi, kwa kumpenda, tukaunda kamati.

Mkurugenzi wetu, Bwana Wamboga, alisema kwenye kikao cha kwanza kwamba mtu kama huyu haagwi hotelini kwa soda na hotuba. Ataagwa palepale kwenye jiwe lake! Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Tukapanga hema, viti vya plastiki, jenereta, spika, pilau la kupikwa Nakaloke, na keki yenye umbo la kamera. Lori lingetangulia alfajiri likasimamishe hema uwandani, na wageni wangefuata. Yeye angekuja nyuma na Norman, akidhani anakwenda kupiga picha yake ya mwisho, na angetukuta tunaimba.

Katika kamati hiyo mimi niliogopa mvua, ingawa ilikuwa Februari. Niliogopa wezi wa ng'ombe, niliogopa pilau kuchacha, niliogopa keki kuyeyuka, na niliogopa kwa sauti mpaka nikaombwa ninyamaze. Lakini katika watu wote wale, tunaochapa kalenda kila mwaka za kuwaambia wengine wauhifadhi ukoko, hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza lori la viti litapita wapi.

Siku ilipofika nilipangiwa kiti cha nyuma kwenye gari la Norman, keki mapajani, imefunikwa kwa leso, nami nikidai kuwa ni zawadi ya shangazi yangu aliye Moroto. Kando yangu alikaa Ritah, mpiga picha anayechukua nafasi ya Mama Nandutu, ameikumbatia ile stendi ya ndala. Tukapita Nakaloke, tukapita Moroto, na shangazi yangu akapitwa bila mtu kumwulizia. Lami ikaisha. Mama Nandutu alikuwa mbele, mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona, na hilo hasa ndilo lililonitia hofu. Alikuwa akieleza mvua za mwaka jana zilivyokuwa nzuri, na ukoko utakavyokuwa umeinuka. Akamgeukia Norman akamwambia safari hii watapanda wote juu ya jiwe, aone mwenyewe.

Norman alikuwa anaikazia macho barabara. Nami nikatazama anachokitazama. Mbele yetu, kwenye moramu, kulikuwa na alama pana za matairi ya lori, mbichi kabisa, na lori lile lilikuwa letu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Lori lile lilikuwa linakwenda kuingia uwandani. Hema lingesimamishwa juu ya ukoko, viti vingepangwa juu ya ukoko, jenereta lingeburutwa juu ya ukoko, na magari ya wageni yangeegeshwa hapo yakilitazama jiwe. Nikatoa simu, hakuna mtandao. Nikamtazama Norman kwenye kioo, naye akanitazama, na nikajua limemfikia na yeye, kwa sababu macho yake yalirudi mara moja kwenye zile alama. Tukisema, tunaivuruga siri ya kamati nzima. Naona aibu kuandika kwamba nililipima jambo hilo, kwa mwendo wa vilima viwili vizima, keki mapajani.

Norman ndiye aliyesema. Alisema kwa Kiswahili chake cha barabarani, macho mbele: "Mama, lori ya viti iko mbele. Inaenda kwa jiwe. Sisi tulitaka furahisha wewe."

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko cha lenzi mahali pake, akakaza mkanda wa kiti, akamwambia Norman aendeshe. Norman akaendesha, jamani. Keki ilipoteza pembe moja kwenye korongo la kwanza, na mimi nikasoma kila dua niliyofundishwa na mama yangu na nyingine nilizozitunga papo hapo.

Mbele tukakuta kizuizi cha askari, gogo limelazwa juu ya mapipa mawili. Msimamizi wake alikuwa Sajini Ignatius, mtu wa Lira, mrefu, asiye na haraka na dunia, na Mama Nandutu alimfahamu kwa miaka. Lori letu lilishapita kwake zamani. Baada yake kulikuwa na kizuizi kingine kimoja tu, karibu kabisa na uwanda, na yeye alikuwa na redio ya upepo ya kuongea nacho. Basi nikaona Kiswahili cha kubembeleza kinavyofanya kazi. Mama Nandutu alishuka, akamsalimu, akamwulizia watoto, akamwulizia mguu uliokuwa unamsumbua, mimi huku ndani nakaribia kulia. Halafu akamwambia kuwa kuna lori la viti linakwenda kuua kitu alichokiuguza tangu mwaka 1998. Sajini akauliza huyo anayeuawa ni nani. Akajibiwa kuwa ni udongo.

Sajini alimtazama usoni. Sijui aliona nini. Kisha akachukua redio akatoa amri kwa sauti ambayo nadhani ilifika Mbale: "Simamisha hiyo lori ya viti! Ya viti! Isipite!" Tukamshukuru, afande hivi, afande vile, tukaondoka mbio. Nusu ya moyo wangu ilitulia. Nusu ya pili ilikataa, na ilikuwa na haki.

Tulilikuta lori limesimama. Askari wa kizuizi cha mbele walikuwa wameitii amri sawasawa. Walilisimamisha kabla halijafika kwenye kona ya kuingilia uwandani, halafu, kama walivyozoea kwa kila gari wanalolizuia, wakamwamuru dereva asizibe njia, aliweke pembeni. Naye akaliweka pembeni. Lori zima, na hema, na viti, na jenereta, lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa juu ya ukoko, na askari mmoja akatupigia saluti kwa furaha ya kazi iliyokwisha. Magari ya wageni yalikuwa yamejipanga nyuma yake barabarani. Bwana Wamboga alikuwa amesimama kando ya gari lake na shada la maua ya plastiki mkononi, hajui aanze kuimba au la.

Mama Nandutu alishuka akatazama. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na siku ile sikuweza kuusoma uso wake. Aliomba lori lisisogezwe na mtu yeyote mpaka aseme yeye. Akaomba stendi yake. Kisha akamwambia Norman amfuate.

Sote tulibaki barabarani. Tuliwaona wakienda, jiwe kwa jiwe, yule dereva mwenye mwili mkubwa akikanyaga kila alipokanyaga mwanamke mfupi wa Busiu. Wakapanda juu ya jiwe. Akafunga kamera kwenye stendi, akaweka jicho, akakaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Halafu akasogea kando, akamwachia Norman atazame.

Maneno aliyomwambia pale amenisimulia Norman mwenyewe, na ameniruhusu niyaandike. Alimwambia: "Norman, pamepona." Mistari yake miwili haikuwepo tena. Sisi tuliokuwa barabarani tulichoona ni mtu mzima yule akikaa chini juu ya jiwe na kujifunika uso kwa kofia, na Mama Nandutu akiwa amemwekea mkono begani.

Sasa mkitaka kujua Mama Nandutu ni mtu wa namna gani, sikilizeni hili. Juu ya jiwe lile angeweza kuikata picha. Amekata vilele vya vilima maisha yake yote. Angesogeza kamera kidogo tu kushoto akapata uwanda mtupu, safi, picha aliyoingoja tangu Norman akiwa kijana, na makosa yetu yasingeonekana. Hakusogeza. Aliamuru lori lirudi kinyumenyume kwenye alama zake lilizoingilia, huku akiliongoza kwa mkono kutoka kule juu mpaka gurudumu la mwisho likapanda moramu. Kisha akapiga uwanda uliopona, na upande wa kulia mistari miwili mipya, mifupi, yenye weupe wa kuvunjika.

Alipiga moja, akafunga kamera. Aliporudi barabarani, Ritah alimwuliza kwa nini asipige na nyingine, ile safi, iwe ya ukumbusho wake mwenyewe. Akasema ile safi ameshaiona.

Sherehe ilifanyika barabarani, namaanisha katikati ya barabara, viti vimepangwa kwenye moramu mstari mrefu kama foleni ya kliniki. Kila lori la kwenda Kenya lilipotokea, tulirundika viti na kujibana ukingoni, wanene kwa wembamba, huku Mama Nandutu akikagua viatu vyetu visizidi moramu. Bwana Wamboga alianza hotuba yake mara tatu. Wafugaji walipita na punda wao katikati yetu, wakatupa pole, maana walidhani magari yetu yote yameharibika. Askari walikula pilau mpaka sufuria ikalia. Sajini Ignatius alifika baadaye kuchukua kipande chake cha keki, akaambiwa ni kamera, akasema chake kiwe na lenzi. Mama Nandutu alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. Mimi sikuweza, na bado siwezi. Nikifumba macho naliona lori pembeni.

Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye jalada la jarida hili, na naomba msituandikie barua kwamba tumekosea jalada. Nyingine nimeipigilia kwenye korido ya Jinja, mwishoni mwa zile za zamani. Norman alipotuletea mzigo juzi alisimama hapo, akazitazama zote kuanzia ya kwanza, polepole, mikono nyuma. Alipofika kwenye hii ya mwisho aliniuliza ya mwakani nitaitundika wapi. Nikamwonyesha msumari, umeshapigiliwa.

Niseme wazi, ingawa nimeombwa niwe mchangamfu: nina hofu. Miaka thelathini na mmoja Mama Nandutu ameogopa kwa niaba yetu sote, na ndiyo maana sisi tuliweza kulala. Tunampenda, sheria yake tunaijua, tumeichapa kwa rangi nne, na bado tulipeleka lori. Tulifanya vile akiwa bado yuko kazini. Akishakaa Busiu itakuwaje? Mistari hii mipya ikija kufunga, ikifunga, mimi nitakuwa bibi wa kuongozwa kwa mkono, na yeye, Mungu ampe umri, sijui kama atakuwepo kuiona. Hesabu hiyo nina hakika aliifanya juu ya jiwe kabla yetu sote, na ndipo akabonyeza kamera.

Stendi na ndala zake amemwachia Ritah, aliyekwisha kuipa ile ya bluu gundi mpya. Norman ameomba, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba kila Februari safari ya Kwa Jiwe apangiwe yeye mpaka naye astaafu. Kamati ya sherehe imevunjwa, na mimi ndiye niliyetoa hoja.

Mama Nandutu, asante kwa picha, na asante zaidi kwa zile ulizokataa kupiga. Mahindi ya Busiu yakuitikie, wajukuu wakae kimya ukiwaelekezea kamera, magoti yako yapumzike kupanda mawe, na chai yako isipoe mwenyekiti akija kukutania habari ya jangwa lake. Uishi vyema, mama yetu, uishi ukiwa na nafasi. Tukikujia akilini usiku, lala tu, sasa kuogopa ni zamu yetu, ndivyo ulivyotufundisha. Kila Februari Norman atakuletea picha nyumbani, na najua hutautazama uwanda kwanza. Utatazama pembeni ya moramu. Tazama sana, Mama, tazama kila mwaka. Gari litakuwa barabarani.